Tundu la Dilolo kwenye Ramani ya Klabu

Ninyi wawili mnaopokea funguo za chumba cha kusomea, nimewaachia orodha ya vitabu, ndoo ya gundi, mkasi, na ramani mbili za ukutani. Orodha ina makosa, mtayaona wenyewe. Mkasi unakata vizuri ukishikwa kwa mkono wa kushoto tu, msiniulize sababu. Kuhusu ramani ya nchi yetu, ile yenye tundu upande wa Dilolo, naomba msiizibe. Kamati ya klabu imeniletea karatasi inayouliza kwa nini mali ya wafanyakazi imeachwa imetoboka kwa miaka yote hiyo. Sikuijaza, kwa sababu waliniachia mistari mitatu ya kujibia.

Nilianza kazi hapa wakati migodi ya shaba ilipokuwa imechukuliwa na serikali na kila mtu kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa mgodi, anasema sasa mambo ni yetu. Klabu ya wafanyakazi ilitafuta mtu anayejua alfabeti na asiyekunywa pombe. Wenye sifa ya kwanza walijitokeza wengi. Mimi nilikuwa nimesoma kwa masista, baba yangu alikuwa mtu wa tanuru, na sikuwa nakunywa, basi nikapewa ufunguo, na kambi ikaniita Mama Buku, mama wa vitabu. Siku ya kwanza nilikuta kabati tatu za vitabu vilivyoliwa na mende, na mzee mmoja mwembamba mwenye kofia nyeupe ameketi sakafuni akishona kitabu kwa sindano ya magunia. Hakuinuka.

"Weye njo utachunga hivi vitabu?" aliniuliza.

Nikasema ndiyo, ni mimi.

"Bon. Anza na kupika gundi. Kusoma utasoma kiisha."

Huyo alikuwa Baba Sefu, fundi wa kushona vitabu. Wazazi wake walikuja mjini kutoka Maniema, na yeye alijifunza ufundi kwa kushona juzuu za watoto wa madrasa. Alinifundisha kupika unga wa muhogo kwa moto mdogo, kuukoroga bila kusimama, na mwishoni kutia chembe ya mrututu, ile chumvi ya bluu ya shaba, ili mende wasiile gundi pamoja na kitabu. Ukizidisha, karatasi inageuka rangi ya kijani na vidole vyako pia. Nilizidisha wiki ya kwanza. Nilikwenda kanisani na mikono ya kijani, na watu walinipa nafasi kubwa kwenye benchi.

Vitabu havikuwa vingi, ila magazeti yalikuwa tele, na hayakutugharimu kitu. Kila balozi aliyekuwa Kinshasa alitaka mfanyakazi wa shaba ajue ukuu wa nchi yake. Vifurushi vilifika kutoka Washington, Moscou, Peking, Paris, vyote kwa Kifaransa, vyote na picha za matrekta na watoto wanaocheka. Vilichelewa mwezi, mara nyingine miwili. Kwa hiyo vita vingi vya dunia tuliviamua hapa baada ya kwisha, na mara zaidi ya moja tulimpa ushindi aliyekwisha kushindwa.

Wanawake wa kambi nao walikuwa na maoni yao juu ya mataifa makubwa, na nadhani yalikuwa maoni yenye ushahidi kuliko ya waume zao. Walikuja kuomba magazeti ya zamani ili kufunika madaftari ya shule. Mmoja wao, jirani yangu, alikuwa akizipima karatasi kwa vidole kama anayenunua kitambaa.

"Ya Bachina iko nyepesi, mutoto anaiguza mara mbili inapasuka. Ya Amerika iko muzuri, lakini inateleza, jina ya mutoto haikamate. Unipe ya Moscou. Ile iko na nguvu."

"Na siasa yao?" nilimuuliza siku moja, kumchokoza.

"Siasa inafunika nini?"

Wasomaji wa kweli walikuja saa tisa alasiri, zamu ya mchana ikitoka. Walikuwa kumi, kumi na wawili, lakini nitawataja wawili tu, maana hao ndio wenye habari hii. Wa kwanza ni Baba Kalenga, mlinzi wa lango la kiwanda, mtu wa Lukafu. Alikuwa askari ujanani, Wabelgiji walipowatembeza hadi Abisinia kupigana na Waitaliano. Alikuwa mtu wa serikali kabisa. Aliamini kwamba nchi yetu ni changa, imezungukwa na wenye njaa ya shaba, na tukipata rafiki mwenye ndege tumshike mkono tusiuachie. Wa pili ni Chinyama, dereva wa kreni, mdogo kwa Baba Kalenga kwa miaka kama kumi na tano. Yeye alizaliwa Likasi, kwa kuwa baba yake alifanya kazi huko, lakini kwao ni upande wa Dilolo, karibu na mpaka wa Angola. Baba yake alipokufa, mama yake alirudi kijijini. Mdogo wake wa kiume alivuka mpaka zamani, wakati wa fujo za mwanzo wa uhuru, na hakurudi wala kuandika.

Mazungumzo yetu yote yalifanyika kwa kidole. Msomaji hakusema tu "kule Saigon". Aliinuka, akaenda ukutani, akaweka kidole pale, na hakukiondoa mpaka amalize hoja, maana ukiondoa kidole mwingine anachukua zamu. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria ya chumba, nami sijui nani aliianzisha. Vidole vya watu wa tanuru na wa kreni vina mafuta. Kwenye ramani ya dunia Saigon ilipotea kabla haijaanguka. Vita vya Waarabu na Israeli vilipopiganwa, Baba Sefu aliacha sindano yake na kushika Sinai siku tatu mfululizo, akatuachia doa lenye ukubwa wa shilingi. Mimi nililipangusa kwa mkate mkavu, kama alivyonifundisha yeye mwenyewe.

Kwenye ramani ya nchi, Chinyama alikuwa na desturi yake. Akiingia, kabla ya kusalimu, alikwenda kuweka kidole Dilolo. Alikiweka kama mtu anayebisha hodi, kisha akaketi. Angola ilipoanza kuwaka, vyama vitatu vikipigana na kila chama na mgeni wake, alizidisha. Wengine nao walikwenda kugusa papo hapo kueleza njia za reli na nani anapita wapi. Karatasi ilichoka, ikaota manyoya, ikatoboka.

Mabishano ya wawili hao yalikuwa ya karibu kila siku. Nakumbuka moja vizuri.

"Nyumba yangu ikiwaka moto," Baba Kalenga alisema, "ntauliza mwenye maji eko wa chama gani?"

"Baba Kalenga, ule mwenye kuzima moto, kiisha anabakia mu nyumba," Chinyama alijibu. "Ba Moscou na ba Washington, bote balikuya na masanduku. Mu sanduku hamukukuwa chumvi."

"Weye unasema vile ju bandugu yako beko kule!"

"Minasema vile ju mama yangu iko kule. Sanduku ikifunguka, inafungukia ku mulango yake tu."

Baba Kalenga hakuwa mtu wa kupunguza. Aliwahi kusema mbele ya Chinyama kwamba watu wote wa upande ule wangefaa kupimwa uaminifu mmoja mmoja. Chinyama alikunja gazeti lake, akaenda nyumbani, na kesho yake akarudi. Mimi nilimchukia Baba Kalenga wiki nzima. Sikumwambia, ila nilimpa magazeti yaliyokosa kurasa.

Sasa nifike kwenye kosa langu. Niliona aibu kuwa na ramani yenye tundu, na kabla ya ukaguzi wa kamati nikaamua kulitengeneza. Kufuatana na mafunzo, kiraka kinabandikwa kwa nyuma, na rangi yake ifanane na ya mbele. Jimbo letu, Shaba, kwenye ramani hiyo ni la rangi ya tofali. Nilitafuta karatasi nyekundu yenye kukubali gundi. Ya Washington, kama jirani yangu alivyokwisha kuamua, inateleza. Nikapata picha ya gwaride kwenye gazeti la Moscou, bendera kubwa iliyojaa ukurasa. Nikaikata, nikaipaka, nikaibandika. Mbele ilionekana safi kabisa. Baba Sefu aliikagua kwa miwani, akasema huo ni mkono wa fundi. Nilifurahi siku nzima.

Miezi michache baadaye vita vikaingia kwetu. Watu wenye silaha walivuka kutoka Angola, na sehemu waliyopitia ni ileile. Redio ilisema nyuma yao kuna Moscou. Wamoroko walishushwa na ndege kuja kusaidia jeshi letu. Kambini watu waligawanyika kimoyomoyo: wengine walisema wanaokuja ni ndugu zetu wanarudi, wengine walisema ni wezi, wengi walisema bei ya unga imepanda. Kwa sauti, sote tulisema kitu kimoja. Na watu wa upande wa Dilolo walianza kuitwa ofisini, wengine wakachelewa kurudi, wengine hawakurudi. Mke wa Chinyama alifunga nguo za watoto kwenye kitambaa na kukiweka karibu na mlango. Hakuna aliyemuuliza ni za safari gani.

Alasiri moja bwana wa usalama aliingia chumbani na vijana wawili wa chama. Alitoka Kinshasa, alisema Kifaransa na Kilingala, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuombea maji, basi maneno yake nayageuza hapa kutoka Kifaransa. Wasomaji walikuwa saba, pamoja na hao wawili wangu, na Baba Sefu sakafuni. Alitazama kabati, akatazama picha ya Mkubwa, yaani rais, kama imening'inizwa sawa, akafika kwenye ramani. Akainama. Kiraka changu kilikuwa kimekauka, na rangi ya bendera haikufifia kama rangi ya ramani. Pale Dilolo palikuwa pekundu kabisa.

Alipabonyeza kwa kidole. Kisha akaitoa ramani ukutani, akaigeuza, na nyuma yake akakuta nusu ya askari aliyevaa kofia ya manyoya, na chini yake neno zima: Moscou.

"Sitwayeni," aliniambia, yaani raia, maana ndivyo tulivyolazimika kuitana wakati ule, "nani ameweka Moscou ndani ya Shaba?"

Nilimweleza juu ya gundi. Nilimweleza kwamba karatasi ya Washington inateleza. Nikisikia sasa nilichokuwa nasema, naona ajabu kwamba sikufungwa kwa hilo tu. Aliniacha nimalize, akauliza jambo ambalo mtu mwenye akili angeuliza: "Kabla ya kiraka kulikuwa na tundu. Tundu limefanywa na kidole cha nani?"

Niseme ukweli, kwa kuwa nimezeeka. Jina la Chinyama lilikuwa limefika kwenye meno yangu. Nilikuwa na watoto wanne, na kiraka kilikuwa changu. Baba Sefu alikohoa, kikohozi kile alichokuwa akinikohoa nikikosea mshono, nami nikafunga mdomo. Kisha nikasema kwamba watu wote hugusa.

"Vizuri. Basi kila mtu aguse tena. Kila mmoja aweke kidole kwao. Si mahali alipozaliwa, hapo napaona kwenye kadi zenu za kazi. Nataka alikotoka baba yake."

Ramani ilirudishwa ukutani. Wakaenda mmoja mmoja, naye akiandika. Bukama. Kasenga. Baba Sefu alipanda hadi Kasongo. Baba Kalenga aliweka kidole Lukafu, kwa nguvu, kama anayepiga muhuri. Aliyebaki wa mwisho ni Chinyama. Alisimama mbele ya ramani na mkono wake ulianza kwenda magharibi peke yake, kwa mazoea. Niliuona. Sote tuliuona.

"Weye!" Baba Kalenga alimkaripia. "Kwenu unapasahau? Ju ulizaliwa ku Likasi njo haujue tena baba yako alitoka fasi gani?" Akamgeukia bwana wa usalama. "Shefu, huyu njo mutoto ya ndugu yangu mukubwa. Batoto ba mu kambi, kwabo habapajue hata ku karatasi."

Mkono wa Chinyama ulisimama hewani. Kisha ukarudi mashariki, ukashuka polepole, ukatua Lukafu.

Bwana wa usalama hakuwa mjinga. Aliwatazama wawili hao, mmoja mfupi mnene, mwingine mrefu kama nguzo ya simu, akasema: "Ongeeni lugha ya kwenu. Nisikie."

Baba Kalenga akasema maneno mengi ya Kisanga, lugha ya Lukafu, ya haraka, ya ukali, kama mzee anayemgombeza mwana wa ndugu. Chinyama hajui Kisanga hata cha kununulia nyanya. Alijibu hata hivyo, kwa upole, katika Kilunda, lugha ya upande wa Dilolo. Baba Kalenga akatikisa kichwa kana kwamba ameridhika, akaongeza maneno mawili, na Chinyama akajibu tena. Kati ya wale saba hakuna aliyekuwa kiziwi. Kila mtu alijua kwamba zile ni lugha mbili, na watu wawili wasioelewana. Msomaji wa Bukama alichukua gazeti na kulisoma juu chini.

Bwana wa usalama aliandika: Lukafu. Alikibandua kiraka changu kwa ukucha, akakiweka katika bahasha. Aliagiza magazeti yote ya Moscou yachukuliwe, na vijana wa chama walichukua pia yale ya Washington, kwa ajili ya madaftari ya watoto wao nadhani. Mimi niliandikiwa onyo. Walipotoka, Chinyama aliketi na mikono kati ya magoti. Baba Kalenga alivaa kofia yake ya ulinzi na kwenda zake bila kuaga.

Nilidhani tangu siku ile watapatana. Kesho yake saa tisa na robo walikuwa wanabishana juu ya Wamoroko, na Baba Kalenga alisema kwamba serikali ilifanya vema kuwaita na angewapikia mwenyewe. Kilichobadilika ni kwamba Chinyama aliacha kumwita Baba Kalenga kama sisi. "Baba mudogo," alimwambia, "hapo unasema uongo." Mwanzoni ulikuwa utani. Baadaye watoto wa Chinyama walianza kumwita babu, na sikusikia tena mtu akicheka.

Nilimuuliza Baba Kalenga mara moja kwa nini alifanya vile, yeye aliyetaka watu wale wapimwe mmoja mmoja.

"Miye nilisema bapimwe," alijibu. "Sikusema bapimwe na mutu mwenye hajue kupima."

Sikupata zaidi ya hapo. Hadi anakufa hakubadilisha maoni yake hata moja juu ya Angola.

Mwaka uliofuata vita vilipokuja tena, habari ilifika kwamba mama yake Chinyama amekufa kijijini. Sasa fikirini shida yake. Mtu aliyeandikwa wa Lukafu hawezi kuweka kilio cha mama wa Dilolo, tena wakati ule, na kijana wa chama anakaa nyumba ya tatu. Alikuja kazini, akapanda kreni, akashuka. Jioni ile Baba Kalenga alitoa viti nje ya nyumba yake, akawasha moto, na kutangaza kambi nzima kwamba shemeji yake amefariki kule Lukafu. Tulikaa siku tatu. Wanawake walipika bukari, ugali wetu, na samaki. Baba Kalenga alipokea pole kwa uso mzito, na aliyemuuliza marehemu aliumwa nini alijibiwa kifua. Chinyama alikaa chini kando yake na kumlilia mama yake kwa sauti, mbele ya watu, bila kuogopa. Nililia pia. Nililia kwa haya zaidi kuliko huzuni, nikikumbuka jina lile kwenye meno yangu.

Tundu sikulibandika tena. Sikuwa na uso wa kulibandika.

Wiki iliyopita, nilipokuwa nahesabu vitabu kwa ajili yenu, Chinyama aliingia. Sasa amestaafu, anatembea na fimbo, na redio inasema vyama vitakuwa vingi na kila mtu aseme anachotaka. Hakusalimu. Alikwenda ukutani akaweka kidole kwenye tundu, ambalo sasa linameza kidole kizima mpaka ukutani. Akasema maneno ya Kilunda, na niliyatambua kwa mlio wake, ingawa nilikuwa nimeyasikia mara moja tu.

"Njo ile ulijibu siku ile?" nilimuuliza.

"Njo ile."

"Ulisema nini?"

"Baba mudogo alikuwa ananitukana, sikusikia kitu mu Kisanga yake. Miye nilisema jina ya mama yangu na jina ya muji yake. Nilisema, niko mutoto ya kule, njo kwetu. Nilirudilia mara mbili." Aliutoa mkono wake taratibu, akausogeza mashariki, akagusa Lukafu alikozikwa Baba Kalenga. "Kidole ilisema uongo, Mama Buku. Kinywa ilisema kweli."

Atakuja tena Alhamisi, huja kila Alhamisi. Mpeni kiti kilicho karibu na ukuta. Na kamati ikileta tena karatasi yake yenye mistari mitatu, mstari mmoja unatosha: andikeni kwamba tundu linatumika.